Mtoto wa miaka 15, presha 148/92: yaliyonikuta mimi na mwanangu hapa Dodoma (uzito, mazoezi na moyo wa kijana)

BabaWawili_Ilazo (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kimya kimya, mwenye mtoto aliyebalehe avute kiti.

Nilihamia Dodoma na wizara mwaka 2017. Dar tulikaa Tabata, na mwanangu wa kwanza alikuwa ndio kwanza ameanza darasa la kwanza. Shule alikwenda kwa miguu, akirudi ana vumbi mpaka kwenye kope. Huku maisha yakanyooka kidogo. Tukapata nyumba Ilazo, basi la shule linamfuata getini saa kumi na mbili kasorobo asubuhi na kumrudisha jioni. Anatoka kiti cha basi anakaa dawati, anatoka dawati anakaa basi, anashuka basi anakaa kochi. Mimi mwenyewe hivyo hivyo, Ilazo hadi Mtumba na kurudi nimeshika usukani. Mama mkwe alipokuja kututembelea alimshika mjukuu mashavu akasema, "Hapa sasa mmelea." Tukafurahi.

Mwezi wa pili mwaka huu shule ikataka fomu ya afya ijazwe. Nikampeleka kwenye kituo kimoja cha jirani, jina nalihifadhi. Dada akamfunga mkanda, mashine ikanguruma, ikatoa 148/92. Akarudia, 146/90. Akanitazama mimi, mtoto hakumtazama. "Baba, huyu ana presha, aanze dawa." Karatasi ikaandikwa pale pale, hata jasho la kutembea kutoka getini halijamkauka.

Mke wangu ndiye aliyekataa. Akasema twende kwanza kwa daktari wa watoto. Tukaenda hospitali kubwa, na hapo ndipo nilipoanza kuona nilivyokuwa gizani.

Daktari hakuanza na mashine. Alitoa futi ya kitambaa, ile ya fundi cherehani, akaizungusha kwenye mkono wa mtoto katikati ya bega na kiwiko. Sentimita 34. Akafungua kabati, akatoa mkanda mpana kuliko ule wa kwanza. Akamkalisha mtoto, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, akasema tunyamaze dakika tano. Mimi nikataka kuuliza kitu, akanionyesha kidole. Baada ya hapo ndipo akapima: 134/82.

Akanieleza kwamba mkanda mwembamba kwenye mkono mnene unadanganya, unasoma juu kuliko ukweli. Nikashusha pumzi. Akasema usishushe bado. Kuanzia miaka 13 presha inatakiwa iwe chini ya 120/80. Ikifika 130/80 tayari ni presha ya kupanda, hatua ya kwanza. Ila haithibitishwi kwa siku moja, twende mara tatu siku tofauti. Tukaenda. 134/82, 132/80, 130/82. Ipo kweli.

Wakapima mkojo, figo, sukari, kolesteroli, na kipimo cha eko kuangalia moyo wenyewe. Alitafuta kama ukuta wa chumba cha kushoto umenenepa, maana moyo ni msuli. Ukiusukumisha mzigo mzito kila siku unavimba kama mkono wa mbeba zege, na unene wa ukuta wa moyo hauna sifa hata kidogo. Ulikuwa wa kawaida. Siku hiyo nililala.

Uzito: kilo 81 kwa urefu wa sentimita 164. BMI (kilo ukizigawanya kwa urefu wa mita mara urefu wenyewe) 30.1. Nikasema si ndio kwanza mtu mzima anaanza kuitwa mnene akifika 30? Akanambia mistari ya watu wazima, 25 na 30, haitumiki kwa watoto. Kijana anasomwa kwenye chati ya umri na jinsia. Kwa mvulana wa miaka 15 uzito uliozidi unaanza kwenye 22.7 hivi, na unene uliopindukia kwenye 27. Kuna na njia ya mkato isiyohitaji chati, kiuno kisizidi nusu ya urefu. Nusu ya urefu wake ni 82. Kiuno kilikuwa 91.

Halafu akaniuliza, "Una mtoto mwingine?" Nikasema ninaye binti wa miaka 13, lakini huyo mwembamba, hana shida. Akacheka. "Sijauliza wembamba. Nimeuliza anafanya nini."

Wakuu, anafanya nini? Anakaa. Tofauti yake na kaka yake ni kwamba chakula hakimkai mwilini.

Hapo akanipa kisa cha London nikaja kukisoma mwenyewe usiku ule. Mwaka 1953 daktari mmoja anaitwa Jerry Morris alilinganisha madereva na makonda wa yale mabasi ya ghorofa. Kampuni moja, mishahara haipishani sana, mitaa ile ile. Konda anapanda na kushuka ngazi kukata tiketi kutwa nzima, dereva amekaa. Shambulio la moyo likawapata zaidi madereva. Watu wakasema ah, ni kwa sababu madereva wanene. Mwaka 1956 wakaenda kwenye vipimo vya sare, wakasoma viuno vya suruali. Kweli madereva walikuwa na viuno vikubwa. Lakini ukimlinganisha mwembamba na mwembamba, wa kati na wa kati, mnene na mnene, konda bado alikuwa na nafuu.

Sasa fikirieni konda wa daladala ya Sabasaba anavyoruka mlangoni, na mimi nilivyo Ilazo na madereva wawili ndani ya nyumba, mmoja mnene na mmoja mwembamba.

Nitaendelea. Kwanza karibuni wenye uzoefu, hasa manesi na walimu.

Zabibu_Kavu

Nimekaa paleee na karanga zangu. Karanga zina shida mkuu?

Mzee_wa_Kongwa

Mwanangu, hayo magonjwa ni ya kujitafutia. Sisi shule ya msingi saa kumi na mbili alfajiri mchakamchaka, baridi ya Juni inakata masikio, peku. Ukirudi nyumbani ng'ombe wanakusubiri. Nani alikuwa anapima presha? Na mtoto kunenepa ni afya, huyo muache atakuja kurefuka, unene utaisha wenyewe.

BabaWawili_Ilazo

Shikamoo mzee wangu. La mchakamchaka nakubaliana nawe asilimia mia. Hili la kurefuka ndilo nililojidanganyia miaka mitatu. Alirefuka kweli, na kilo zikaja naye. Daktari aliniambia vijana wengi wanaoingia ukubwani wakiwa wanene sana hubaki hivyo hivyo.

Nesi_wa_Zamu

Mleta uzi, hongera kwa kuandika la mkanda. Nimefanya kazi wodini miaka mingi na hilo ndilo kosa ninaloliona sana: mkanda mmoja tu kituo kizima, mtu mwembamba ndio huo, mtu wa kilo mia ndio huo. Mzazi usione aibu kuuliza, "Huu mkanda unamtosha?"

Mzee wa Kongwa shikamoo. Wazee wetu walikuwa sahihi kwenye kutembea, ila la "moyo ni ugonjwa wa wazee" tuliache. Kuna utafiti ulianza 1973 kwenye mji mdogo wa Bogalusa, Louisiana, Marekani. Walifuatilia watoto wa mji ule wakiwapima uzito, presha na mafuta ya damu. Wapo waliokufa wakiwa vijana, wengi kwa ajali, na mishipa yao ikachunguzwa. Wakakuta michirizi ya mafuta imeshaanza kwenye mishipa ya moyo ya watu wadogo kabisa. Mwaka 1998 wakatoa matokeo: kijana aliyekuwa na tatizo moja tu, tuseme uzito mkubwa, alikuwa na michirizi kidogo. Ukiongeza presha, ukiongeza mafuta ya damu, ukiongeza sigara, eneo lililochafuka linakua. Yaani mzigo unabebwa kwa kujumlishwa.

Na mafuta ya tumboni msidhani yamelala tu. Kila kilo ya ziada inataka damu yake, moyo unasukuma zaidi. Insulini inapanda, figo zinashikilia chumvi, chumvi inashikilia maji, presha inapanda. Tumbo hilo hilo linamwaga kemikali zinazochokoza kuta za mishipa, mishipa inakakamaa. Mtoto hasikii chochote. Anacheka, anakula chipsi.

Mazoezi yanafanya kinyume. Damu ikikimbia, ngozi laini iliyotanda ndani ya mshipa inatoa hewa fulani inaitwa naitriki oksaidi, mshipa unalegea na kupanuka. Moyo nao unajifunza kutoa damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo hauna haja ya kupiga haraka haraka. Haya yanatokea hata kama mzani haujasogea. Ila mtu akiacha wiki kadhaa, faida inayeyuka. Hakuna akiba.

Zabibu_Kavu, kula karanga zako, punguza chumvi tu.

Kijiwe_Nkuhungu

Mbona wachezaji wanaanguka uwanjani wanakufa? Wale hawakufanya mazoezi? Mimi bora kitambi changu.

Nesi_wa_Zamu

Swali zuri hata kama umeuliza kwa dharau. Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka Lyon, Juni 2003, nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia. Uchunguzi ukaonyesha alikuwa na msuli wa moyo ulionenepa kwa asili, ugonjwa unaorithiwa kwenye familia. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kongo, moyo wake ulisimama dakika 78 mwaka 2012 wakati Bolton ikicheza na Tottenham, na yuko hai mpaka leo kwa sababu watu walimkandamiza kifua bila kuchoka na mashine ya kushtua moyo ilikuwepo.

Hao ni wachache sana ukilinganisha na wanaouawa taratibu na kukaa. Ila wazazi shikeni dalili hizi: mtoto anazimia KATIKATI ya mazoezi (sio mstarini kwa njaa), kifua kinambana akikimbia, moyo unapiga ovyo ovyo, au kwenye ukoo kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa chini ya miaka 50. Huyo asikimbie hata hatua moja mpaka aonwe na daktari wa moyo. Siku hizi huna haja ya kupanda basi mpaka Taasisi ya Jakaya Kikwete Dar kwa kila kitu, Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa hapa Dodoma wapo madaktari wa moyo.

Na kwa nchi yetu kuna jingine: mafindofindo. Koo la bakteria lisipotibiwa vizuri linaweza kuleta homa ya baridi yabisi, na ile inakula valvu za moyo, yaani vile vimilango vinavyopitisha damu. Mtoto wa namna hii mara nyingi ni mwembamba, anachoka, anahema usiku akilala chali. Ukimwambia "mvivu, kimbia" unamuumiza. Kwa hiyo kuchoka kwa mtoto kuna sababu nyingi, si unene tu.

Mchambuzi_Mkorofi

Mleta uzi umeandika vizuri lakini umeegemea upande mmoja. Kisa cha makonda ni cha watu wazima, na kimetumika sana kuwafariji wanene kwamba "fanya mazoezi tu, uzito si kitu." Uzito ni kitu.

Uswidi walichukua wanaume 743,498 waliopimwa pumzi kwenye baiskeli wakiingia jeshini, miaka 18 hivi, wakawafuatilia wastani wa miaka 34. Matokeo yalitoka 2014. Kundi la mwisho kwa pumzi lilikuwa na hatari ya shambulio la moyo karibu mara mbili ya kundi la kwanza. Hapo unashangilia. Lakini wale wanene sana wenye pumzi nzuri bado walikuwa na hatari KUBWA kuliko wembamba wenye pumzi mbovu. Yaani yule binti yako anayekaa, kwa hesabu hiyo, anamshinda mnene anayekimbia.

Na Israeli 2016, vijana milioni 2.3 wa miaka 16 mpaka 19: hatari ya kufa kwa moyo na mishipa ilianza kupanda hata kwa vijana ambao uzito wao bado unaitwa wa kawaida, ule wa juu juu.

BabaWawili_Ilazo

Mkuu Mchambuzi, umenikamata na sina ubishi. Nimeusoma huo wa Uswidi baada ya kuuona hapa. Nilichoona mimi: ndani ya kila kundi la uzito, mwenye pumzi alikuwa na nafuu kuliko asiye nayo, ila nafuu hiyo haikufuta unene. Kwa hiyo niseme hivi, uzito ni deni na mazoezi ni malipo. Kijana mnene anayekimbia analipa deni kubwa. Binti yangu hadaiwi sana, ila halipi chochote na riba inakuja.

Lakini kwa mzazi swali ni jingine: unaanzia wapi? Nikimwambia mtoto wa miaka 15 "punguza kilo 15", atanyamaza, atajificha kula. Nikimwambia "shuka basi kituo cha nyuma", anaweza kesho. Ndiyo maana nimeegemea kwenye miguu.

Mchambuzi_Mkorofi

Hapo kwenye pa kuanzia nakubali.

Bonge_Fom_Tuu

Wakubwa shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, nina miaka 16, kilo sitaji. Nimesoma uzi wote. Naomba niseme kwa nini tunakwepa michezo. Siku ya PE (kipindi cha michezo) ticha anasema raundi nne za uwanja. Wenzangu wakimaliza wanakaa kwenye kivuli cha mwarobaini, wanaanza kunihesabia kwa sauti nikiwa nimebaki peke yangu. Shati linapanda tumbo linaonekana. Nimeshajifanya naumwa tumbo mara nyingi mpaka matroni ananijua. Sio kwamba sitaki. Nikiwa peke yangu usiku bwenini napiga pushapu. Swali langu: kunyanyua vyuma umri wangu ni sawa? Wanasema unadumaa.

Mwl_Michezo_Makole

Kijana wangu, umenichoma maana hizo raundi nne nimewahi kuzitoa na mimi. Zamani. Sitoi tena.

Vyuma havidumazi. Kinachoumiza ni uzito mkubwa bila mtu wa kukufundisha namna ya kushika. Anza na mwili wako: pushapu hizo hizo, skwati, kupanda ngazi. Tena wenye miili mikubwa mna bahati moja ambayo hamuambiwi, mna nguvu. Kwangu siku ya kwanza siwakimbizi, naweka kuvuta kamba na kurusha tufe. Yule aliyekuwa anachekwa anagombaniwa na timu zote mbili. Akishashinda kitu kimoja, wiki ya tatu anakuja mwenyewe kuuliza tunakimbia lini.

Kukimbia unaanza na nguzo za umeme. Nguzo mbili tembea, nguzo moja kimbia taratibu. Baada ya wiki mbili geuza, moja moja. Mazoezi ya wastani ni yale unayoweza kuongea ila huwezi kuimba. Ya nguvu ni yale ukisema maneno manne unavuta pumzi. Shirika la Afya Duniani linataka kijana wa miaka 5 mpaka 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku, na angalau siku tatu kwa wiki ziwemo za nguvu na za kukaza misuli na mifupa. Si lazima sitini za mfululizo. Kwenda shule ishirini, kudaka na kukimbizana ishirini, kumwagilia bustani na ndoo ishirini, zimetimia.

Na jua la Dodoma tusilifanyie utani. Kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, na maji mkononi. Maji, nasema. Vijana wana tabia ya kupiga kopo la kuongeza nguvu kabla ya mechi. Ile ni kafeini na sukari, moyo unadunda kabla hata mpira haujaanza. Madaktari wa watoto wa Marekani wamesema wazi, watoto na vijana wasiguse.

Malalamiko yangu mengine ni kwamba michezo ya shule imegeuka kutafuta vipaji. Ikifika UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, tunachagua kumi na wanane wenye mbio, mia tano wengine wanakaa kupiga makofi. Tunataka Simbu mwingine, sawa. Jirani yetu wa Ikungi ametuletea dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo 2025, nani hapendi? Lakini moyo wa yule wa mia tano ndio utakaokuja kujaza wodi.

Bonge_Fom_Tuu

Asante mwalimu. Nguzo naweza, kuna barabara nyuma ya shule haina watu.

Dada_wa_Chamwino

Naona mnaongea wavulana tu. Kwenye takwimu za dunia za mwaka 2016, zilizotoka 2019, vijana 81 kati ya 100 wa miaka 11 mpaka 17 hawafikishi hizo dakika 60. Wasichana ni 85, wavulana 78. Mjiulize kwa nini.

Mdogo wangu alikulia kwa bibi kijijini. Ndoo ya lita ishirini kichwani asubuhi na jioni, kulima, kutwanga uwele, mlenda na ugali wa mtama. Mguu kama wa chuma. Alipokuja mjini kusoma sekondari hakuna aliyemkataza kutembea, ila hakuna tena pa kwenda. Maji yapo bombani. Michezo ipo siku moja, na sketi ya shule huwezi kurukia. Siku za hedhi anakaa pembeni anaogopa kuchafuka. Jioni akitaka kukimbia barabarani wanaume wanampigia miluzi. Mwaka wa pili alikuwa anahema akipanda kilima alichokuwa anakipanda na ndoo.

Mleta uzi, yule mvulana wako anashuka kituo cha nyuma. Binti je? Utamwambia naye atembee peke yake giza linaingia?

BabaWawili_Ilazo

Dada yangu, swali lako nilikuwa sijalifikiria mpaka mke wangu aliponisomea kwa sauti. Nashukuru.

Kijiwe_Nkuhungu

Sawa nimeelewa. Ila chipsi mayai siachi, bora nisiseme uongo.

Nesi_wa_Zamu

Usiache, punguza siku. Anza na cha kunywa, hapo ndipo rahisi. Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, vijiko tisa vya chai. Hakuna mtu anayeweka vijiko tisa kwenye kikombe cha chai na kunywa akiwa ameshiba. Na kijana alale saa 8 mpaka 10. Asiyelala anakula usiku.

BabaWawili_Ilazo

Mrejesho, miezi sita baadaye. Niliahidi, na kuna watu wamenifuata inboksi.

Tulichofanya hakina ufundi wowote. Tuliongea na dereva wa basi, jioni wote wawili wanashuka kilomita mbili na nusu kabla ya nyumbani. Wanatembea pamoja, kaka na dada, hilo ni jibu la Dada wa Chamwino. Wiki ya kwanza waligombana njia nzima. Wiki ya nne nikasikia wanapangiana nani abebe begi la nani mpaka kwenye mti gani. Jumamosi nyumba nzima tunatoka. Mtakumbuka Desemba 2016 Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, alisema Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Sisi tumeshika zote, nne za mwezi. Soda imehamia kwenye sikukuu. Mzani niliuondoa chumbani nikaupeleka stoo, na neno "bonge" limepigwa marufuku, nikiwemo mimi niliyekuwa nalisema kwa mapenzi.

Kulikuwa na siku mbaya. Mwezi wa tano alirudi kulekule, wiki mbili hakutembea, alikuwa na mitihani, nikapiga kelele, akanuna. Mke wangu akanambia nimepiga kelele nikiwa nimekaa kwenye kochi. Nikanyamaza.

Wiki iliyopita tumerudi kwa daktari, mkanda ule ule mpana, dakika tano za kimya. 122/76. Urefu 167, kilo 80. Kilo moja tu! Mtoto alipoona mzani uso ukamwanguka. Daktari akachukua kalamu akamwonyesha: umeongezeka sentimita tatu na kilo imepungua moja, BMI imetoka 30.1 imefika 28.7. Kiuno kimetoka 91 kimefika 86. Kisha akamshika kifundo cha mkono, wakahesabu pamoja mapigo akiwa ametulia. Mwezi wa pili yalikuwa 92 kwa dakika, sasa 77. Akampa kikokotoo apige mwenyewe: tofauti ya mapigo 15, mara dakika 60, mara saa 24. Mapigo 21,600 kila siku ambayo moyo wake haulazimiki tena kupiga. Mtoto akaitazama ile namba muda mrefu. Akaipiga picha.

Bado hajamaliza. 122 ipo juu kidogo ya panapotakiwa, na BMI bado juu ya mstari. Dawa hajapewa, tunarudi Januari. Binti anaruka kamba, amefika mara 140 bila kukosea na anatulazimisha tuhesabu.

Jana usiku kijana alikuja sebuleni na futi ya mama yake ya kushonea, akanambia nisimame. Akanizungushia kiunoni. Mimi nina urefu wa sentimita 170. Futi ilisoma 104. Hakucheka. Alifungua daftari lake, chini ya namba zake akaandika "Baba", akaandika na tarehe, akaniuliza kesho nashukia kituo gani.

Mzee_wa_Kongwa

Mwanangu, futi hiyo inauzwa bei gani hapo Majengo?

Zabibu_Kavu

Mzee anajipima kimya kimya 😂

BabaWawili_Ilazo

Ya kitambaa ni buku tu mzee wangu. Usinunue ya plastiki, inavutika.